Acheni Rangi Ibaki Mlangoni

Juzi nimeulizwa tena: "Mbona picha zako za majengo yaliyobaki baada ya Maangamizi ya Wayahudi huzifanyi nyeusi na nyeupe? Zingetia huzuni zaidi." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika.

Huzuni haitoki kwenye programu ya kuhariri picha. Chukua sinagogi la Poznań, Poland, lililofunguliwa 1907. Mwaka 1940 Wajerumani waliokuwa wameuteka mji walianza kuligeuza bwawa la kuogelea. Vita vikaisha, bwawa likabaki. Watu waliogelea humo hadi 2011! Jengo kama hilo ukiliondolea rangi, unamwambia mtazamaji kwamba mambo yote yaliishia 1945. Sivyo hata kidogo. Baiskeli iliyoegeshwa, nguo zilizoanikwa, bango la duka la simu, hivyo ndivyo vinavyoonyesha kwamba nyumba inakaliwa leo na wenyewe hawapo. Msinifutie magari.

Kuhusu kamera sina mengi: lensi ya milimita 35, tundu la lensi f/8, kuta zisimame wima. Basi.

Kazi ngumu iko milangoni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inaagiza maneno ya Mungu yaandikwe kwenye miimo ya nyumba, ndiyo maana Wayahudi huweka mezuza, kijikasha chenye ngozi iliyoandikwa, kwenye mwimo wa kulia unapoingia. Katika miji ya Poland bado utakuta alama zake: mfuo mfupi ulioinama kidogo, urefu wa kidole hivi, umepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Jua la utosini halikuonyeshi kitu. Ngoja mwanga ulale, upite ubavuni mwa mwimo, kivuli kijae ndani ya mfuo. Flashi ya mbele inaufuta kabisa.

Na si kila mfuo ni wa mezuza. Bawaba au kengele iliyong'olewa huacha kovu linalofanana nao. Naangalia upande, usawa wa bega, matundu ya misumari juu na chini, na bado nina picha tatu ambazo sijazitoa kwa sababu sijaridhika. Moja ni ya mlango wa kijani. Ndani ya mfuo wake, mahali ambapo brashi haikufika, pamebaki ukanda mwembamba wa rangi ya kahawia ya zamani. Nimejaribu kuifanya nyeusi na nyeupe: kijani na kahawia vikawa kijivu kimoja, na ule ukanda haukuonekana tena.