Kwa nini askari wa Keya aliyefia Burma hakurudishwa nyumbani?

Keya ndivyo wazee wetu walivyokiita kikosi cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, waliopigana Burma, yaani Myanmar ya leo, katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa nini waliofia huko hawakurudishwa? Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja la swali hili: kwa sababu alikuwa mtu mweusi. Mzungu alirudishwa akazikwe kwao, Mwafrika akaachwa porini. Nililisikia misibani tangu nikiwa mdogo, nami nikalirudia mbele za watu. Si kweli. Ubaguzi ulikuwepo, tena mkubwa, ila haukuwa pale nilipokuwa nauelekezea kidole.

Mwingereza naye hakurudishwa. Mwanzoni mwa Vita Kuu, vile vya 1914 hadi 1918, familia chache zenye uwezo ziliwahi kufukua wapendwa wao Ufaransa na kuwavusha bahari. Aprili 1915 alirudishwa hivyo mbunge William Gladstone, mjukuu wa waziri mkuu wa zamani, akazikwa kwao Hawarden, Wales. Baada yake mlango ulifungwa, na ukabaki umefungwa hadi Vita vya Pili vikaisha.

Ili kuelewa sababu, chukua msiba wa kijana aliyefia ughaibuni siku hizi. Kamati inakaa, michango inapita kwenye simu. Ukoo wenye watu wa kazi unapokea jeneza uwanja wa ndege ndani ya wiki mbili. Ukoo mwingine unachanga, unachoka, mwisho unakubali azikwe hukohuko. Sasa zidisha msiba huo mara laki kadhaa. Ndilo tatizo lililoikuta Tume ya Makaburi ya Vita ya himaya ya Uingereza, iliyoundwa 1917 na leo ikiitwa Commonwealth War Graves Commission, na uamuzi wake ulikuwa mkali: kwa kuwa wote hawawezi kurudi, asirudi yeyote. Jenerali na mpishi walale palepale walipofia, chini ya mawe ya namna moja. Jiwe lile lilikusudiwa kuwa kama sanda: halisemi nani alikuwa na shamba na nani hakuwa na kitu.

Wazazi Waingereza waliumia. Mama mmoja wa Leeds, Sarah Ann Smith, alianzisha chama mwaka 1919 kudai miili ya watoto irudishwe, akadai kwa miaka mingi. Hakupewa. Habari za mama huyo ndizo zilizonifanya niliache jibu langu la zamani.

Kwa hiyo askari wa Keya alipouawa mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, huko Burma, akiwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, sheria iliyomkuta ni ileile iliyomkuta Mwingereza. Kama mwili ulitambulika, alipata kaburi lenye jina. Kama haukupatikana, jina lilichongwa ukutani. Katika makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon, kuna varanda ndefu ya nguzo za mawe iliyoandikwa majina karibu 27,000, yamepangwa kikosi kwa kikosi. Ya Keya yamo.

Ukuta wa majina unafanya kazi gani pasipo mwili? Waluo wangeuelewa upesi. Kwa desturi yao, mtu akipotelea mbali na asipatikane, huzikwa badala yake tunda la yago, lile refu la mwegea, kwa heshima zote. Hakuna anayedhani tunda ni marehemu. Linampa mahali. Watu wanapata pa kusimama na kulia, matanga yanaanuliwa, mjane anajua yeye ni mjane. Jina ukutani ni yago la Tume. Ndiyo maana katika Vita vya Pili kila marehemu alikusudiwa kuwa na mahali pamoja palipo pake, ama kaburi ama ukuta. Meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa torpedo na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari haina kaburi, kwa hiyo yago lao liko Nairobi, kwenye ukuta wa makaburi ya vita ya Ngong Road.

Ubaguzi basi ulikuwa wapi? Rudi nyuma, vita vya 1914 hadi 1918, kwa wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha kubeba mizigo ya jeshi, na askari wa wakati ule. Hao walinyimwa jina. Ripoti ya Tume yenyewe ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Pengo kati ya tarakimu hizo ni kubwa kwa sababu orodha nyingi za wapagazi hazikutunzwa. Lakini palipokuwa na orodha pia, maofisa waliona mnara mmoja wa jumla unawatosha.

Mnara wenyewe uko Kenyatta Avenue, Nairobi: wanaume watatu wa shaba, na maandishi yasemayo ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Hakuna jina hata moja la aliyekufa. Maneno hayo aliyatunga mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, ambaye mwanawe John alipotea vitani huko Loos mwaka 1915, mwili usionekane enzi za uhai wa baba yake. Jina la John lilichongwa ukutani Ufaransa.

Kama kwenu kuna aliyekwenda Burma asirudi, orodha ya Tume iko wazi kwenye intaneti na haina malipo. Jaribu tahajia zaidi ya moja: makarani waliandika walivyosikia, jina la baba likawa la ukoo, R ikawa L. Mkiwa bado na namba yake ya jeshi kwenye karatasi ya zamani, anza na hiyo.