Nani hasa alikusanya nyimbo za Mymensingh?

Kila nikisahihisha insha za fasihi simulizi nakutana nayo: "Dinesh Chandra Sen alizunguka vijiji vya Mymensingh akikusanya nyimbo za masimulizi." Hapana! Mymensingh ni eneo la mashariki ya Bengali, leo Bangladesh; Sen, msomi wa fasihi ya Kibengali, alikuwa Kolkata, India, chuo kikuu, akihariri. Aliyeketi na waimbaji na kuandika walichoimba ni Chandra Kumar De, kijana maskini wa Netrokona, eneo hilohilo, aliyeanzia kazi dukani, kisha akawa karani wa kukusanya kodi ya mashamba. Kodi ndiyo iliyompeleka vijijini, na huko ndiko alikozisikia nyimbo. Mwaka 1913 jarida la Saurabh lilichapa makala yake kuhusu Chandravati, mshairi wa kike wa karne ya 16. Sen aliisoma, akamtafuta mwandishi wake, na hatimaye chuo kikamwajiri De akusanye kwa mshahara. Maimansingha Gitika, mkusanyo wa tungo 10 uliotoka 1923, umetokana na kazi hiyo ya De.

Najua kosa linakotoka. Zamani, akiwa mwalimu mkuu huko Comilla, Sen kweli alipita kijiji hadi kijiji, ila alikuwa akitafuta miswada ya kale. Miswada hiyo ndiyo iliyomwezesha kuchapa historia yake ya lugha na fasihi ya Kibengali mwaka 1896. Wanafunzi wanachukua safari zile wanazibandika kwenye nyimbo. Inaniudhi kwa sababu Sen mwenyewe alimtaja De waziwazi katika utangulizi, na utangulizi hausomwi! Usomeni kwanza. Kisha andikeni mwimbaji, mkusanyaji na mhariri kila mmoja kwenye mstari wake; msiwarundike watu watatu katika jina moja.

Eti nyimbo hizo hazina watunzi? Katika mkusanyo huo, utungo unaomsimulia Chandravati unahusishwa na mtunzi Nayanchand Ghosh, na ule uitwao Dewana Madina na Mansur Bayati. Huyo Bayati ni Mwislamu, na Madina ni mke Mwislamu aliyetelekezwa na mumewe, kwa hiyo dai kwamba nyimbo ni za Wahindu peke yao nalo halisimami.

Wengine husema Haramoni, mkusanyo mwingine wa nyimbo za kienyeji za Bengali, ni kazi ya Tagore, yule mshairi mashuhuri wa Kibengali. Tagore aliandika dibaji ya juzuu la kwanza, 1930. Nyimbo zilikusanywa na Muhammad Mansuruddin wa Pabna, aliyeendelea mpaka juzuu la 13.