Mkusanyaji wa timu: maana yake katika kadi na kumbukumbu za besiboli

Ukifika kwenye meza ya muuzaji wa kadi za besiboli Marekani, yaani kadi ndogo zenye picha za wachezaji, kabla hujashika chochote atakuuliza, "Unakusanya nini?" Jibu lako ndilo linaloamua atatoa sanduku gani chini ya meza. Wapo wanaomtafuta mchezaji mmoja tu. Wapo wanaokamilisha seti nzima ya mwaka fulani. Wapo wanaonunua leo ili wauze mwezi ujao. Na wapo wanaojibu kwa kutaja jina la timu, basi. Huyo ndiye anayeitwa mkusanyaji wa timu. Mimi ni mmoja wao, na timu yangu ni Chicago Cubs, ya jiji la Chicago.

Maana yake kwa ufupi ni hii: mkusanyaji wa timu hukusanya kila chenye alama ya timu moja, iwe kadi, tiketi, kofia, mpira au jezi, na kipimo chake ni jezi aliyovaa mchezaji. Mchezaji wa akiba aliyecheza mechi kumi akaachwa, na nyota ambaye namba yake haivaliwi tena na mtu mwingine, wanapata nafasi iliyo sawa kwenye albamu. Ukishakubali kipimo hicho, hesabu yote ya bei inabadilika.

Kadi zenyewe zina asili ya ajabu kidogo. Makampuni ya sigara ya karne ya 19 yalikuwa yakitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike, kisha yakaona ni vizuri kipande hicho kiwe na picha. Seti maarufu kuliko zote za enzi hizo ni T206, iliyotolewa na American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911. Humo imo kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh Pirates, ambayo uchapishaji wake ulisimamishwa mapema. Wengine husema Wagner hakutaka watoto wavutwe na tumbaku kwa sababu ya picha yake, wengine husema suala lilikuwa malipo. Mwaka 2022 nakala moja iliuzwa dola milioni 7.25.

Jina hilo la T206 limetokana na katalogi ya Jefferson Burdick, mtu wa Syracuse, jimbo la New York, aliyejitwika kazi ya kuzipanga kadi za kila aina na kuzipa herufi na namba. T ni kwa ajili ya tumbaku. Alikuwa mgonjwa wa viungo, mikono inamuuma, na bado alizibandika kadi zake moja moja kwenye albamu ili zikae kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Vipande alivyolikabidhi jumba hilo ni zaidi ya 300,000, na kati yake kadi za besiboli zinapita 30,000. Hakuziuza. Namtaja kwa sababu watu wakisikia neno mkusanyaji huwaza kwanza fedha.

Baada ya sigara ikaja chingamu, kadi zikawa zinatiwa kwenye pakiti pamoja nayo. Kampuni ya Topps ya Brooklyn, ambayo mwaka 1947 ilianza kuuza chingamu iitwayo Bazooka (na Watanzania wengi hadi leo chingamu wanaiita bazoka), iliingia kwenye kadi za besiboli mwaka 1951 na kutoa seti yake kubwa mwaka 1952. Kuanzia 1957 kadi zake zilitulia kwenye kipimo kinachotumika mpaka sasa, sentimita 6.4 kwa 8.9 hivi. Kadi ya Mickey Mantle, nyota wa New York Yankees, kutoka seti hiyo ya 1952 iliuzwa dola milioni 12.6, nayo pia mwaka 2022. Na hata si kadi yake ya mwanzo. Ya mwanzo ilitolewa na kampuni ya Bowman mwaka 1951.

Bei za namna hiyo ndizo zinazofika kwenye taarifa za habari. Mkusanyaji wa Cubs hana haja na kadi hizo mbili. Wagner alikuwa wa Pirates, Mantle alikuwa wa Yankees. Hata nikiokota mojawapo barabarani, kwenye albamu yangu haina pa kukaa.

Zinazokaa humo ni zipi, basi? Hapa inabidi kueleza neno jingine, seti ya timu. Kila mwaka kampuni ikitoa seti kubwa, ndani yake kuna kadi za wachezaji wa timu zote. Ukizichambua ukatoa za timu moja tu, hiyo ndiyo seti ya timu kwa mwaka huo. Topps ya 1987, kwa mfano, ina kadi 792 na ligi ilikuwa na timu 26, kwa hiyo kila timu inapata kama kadi 30. Ni kazi ndogo inayoweza kumalizika, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tulianzia hapo.

Mimi nilianza na mwaka huo huo. Jirani alikuwa anahama, ameweka vitu vyake vya stoo mbele ya gereji anaviuza, na katikati ya vikombe na taa kulikuwa na sanduku la kadi. Alinitajia dola tano. Kadi za 1987 zinatambulika toka mbali: ukingo wake umechorwa kama ubao wa mbao, una mistari ya mti kabisa, nembo ya timu iko kona ya juu kushoto na jina la mchezaji liko chini kulia. Nilikaa sakafuni nikazigawa mafungu 26. Nyingine zilikuwa na doa la kahawia lenye umbo la mstatili, mahali bazoka ilipolalia karatasi kwa miaka thelathini. Ukiinusa bado ina sukari kwa mbali.

Fungu la Cubs lilikuwa na kadi 24. Zilizopungua ndizo zilizonifundisha maana ya ukusanyaji huu. Ryne Sandberg, nyota wa Cubs ambaye kila mtu anamjua, nilikuwa naye, tena mara mbili. Niliowakosa walikuwa wale ambao wauzaji huziita kadi zao "za kawaida", zinazotupwa kwenye boksi la senti kumi kumi bila kupangwa kwa sababu hakuna anayeziulizia. Kumpata nyota ni suala la kulipa. Kumpata mtu asiyeuliziwa na yeyote ni suala la kuinama juu ya maboksi saa mbili nzima, vidole vikiwa vyeusi. Katika fungu hilo kulikuwa pia na kijana mrushaji (anayemrushia mpira mpigaji) aitwaye Jamie Moyer, kadi ya kawaida kabisa kwa wakati ule. Moyer aliendelea kurusha hadi 2012, akashinda mechi akiwa na miaka 49, mrushaji mzee kuliko wote kuwahi kushinda kwenye ligi kuu. Ungekusanya nyota watupu, usingempata Moyer.

Kwa nini sanduku zima lilikuwa dola tano? Kwa sababu kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu walisikia kuwa kadi za zamani zina thamani, wakanunua mpya na kuzifungia kabatini, na makampuni yakachapa bila kiasi. Zikajaa kila nyumba. Kwa aliyetarajia kulipia ada za chuo za mwanawe ilikuwa hasara. Kwa mkusanyaji wa timu ni neema, maana miaka kama kumi ya historia ya timu yako unaweza kuikamilisha kwa bei ya chakula cha mchana.

Sasa suala la mpaka, ambalo ndilo tunalobishania sana sisi wa timu. Kadi gani ni yetu? Kanuni ya jezi inaonekana nyepesi mpaka ukutane na Lou Brock. Kadi yake ya mwanzo, Topps ya 1962, inamwonyesha akiwa wa Cubs. Tarehe 15 Juni 1964 Cubs walimpeleka St. Louis Cardinals na kupewa wachezaji wengine, akiwamo mrushaji Ernie Broglio. Broglio alishinda mechi saba tu akiwa nasi. Brock aliiba besi (alikimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe) mara 938 katika maisha yake ya mchezo, akachukua World Series, fainali ya ligi kuu, mwaka ule ule aliohamishwa na tena 1967, na akaingia Jumba la Mashujaa wa besiboli kule Cooperstown. Ukimwambia shabiki wa Cubs jina la Brock anashika kichwa hadi leo. Lakini kadi ya mwanzo ya shujaa huyo wa mahasimu wetu ni kadi ya Cubs, na mkusanyaji wa Cubs lazima aitafute na kuilipia.

Ferguson Jenkins ni kinyume chake. Ni mmoja wa warushaji wakubwa kuliko wote waliovaa jezi yetu, na namba yake 31 imepumzishwa pale Wrigley Field, uwanja wetu. Kadi yake ya mwanzo, ya 1966, imemweka pamoja na kijana mwingine chini ya jina la Phillies, timu ya Philadelphia, kwa sababu alihamia Chicago mapema msimu huo kadi ikiwa imeshachapwa. Wakusanyaji wakali wanaikataa: jezi si yetu, kadi si yetu. Mimi ningeiweka. Ninaona albamu ya timu isiyoonyesha watu wake walitoka wapi imekatwa kipande. Wenzangu wengi hawakubaliani nami kabisa, na kila mmoja hufunga mpaka wake anavyoona.

Kuna na zile za katikati, ambazo nazipenda kuliko zote. Mchezaji akihamishwa majira ya baridi na picha mpya hakuna, wachoraji wa Topps walikuwa wakichukua picha ya zamani na kupaka kofia rangi ya timu mpya kwa mkono. Ukiisogeza karibu na dirisha unaona rangi imetambaa kidogo juu ya sikio.

Kumbukumbu nyingine nje ya kadi zina tatizo lake, nalo ni ukweli. Kadi inajieleza, mpira haujielezi. Niliwahi kununua mpira wenye saini ya Ernie Banks, aliyepiga hom rani 512 (mapigo ya kumzungusha mpigaji vituo vyote na kupata pointi) akiwa na Cubs na hakuwahi kucheza World Series hata moja. Nilipouweka chini ya kioo cha kukuzia, wino ulikuwa na uzito mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Mkono wa mtu hubonyeza pengine na kulegeza pengine. Ule ulikuwa muhuri. Tangu 2001 Ligi Kuu ya Besiboli huweka shahidi kwenye kila mechi, anayeona kitu kikitoka uwanjani kwa macho yake na kukibandika stika ya hologramu yenye namba inayoweza kuhakikiwa. Vitu vya kabla ya hapo unanunua kwa kumwamini anayekuuzia, au huvinunui.

Na thamani ya kitu cha timu haifanani na thamani nyingine. Mpira ulioguswa na shabiki ukutani Oktoba 2003, mchezaji wa Cubs akijaribu kuudaka, usiku ambao Cubs walibakiza wapinzani watano tu wa kutoa nje ili wafike World Series wakashindwa, ulinunuliwa kwa zaidi ya dola 113,000 kwa ajili ya mgahawa wa mjini Chicago. Februari iliyofuata ukalipuliwa mbele ya watu. Walioshangilia walikuwa wanajua wanachokifanya. Miaka kumi na mitatu baadaye, Cubs walipoifunga Cleveland 8-7 katika raundi ya 10 ya mechi ya mwisho ya World Series na kumaliza miaka 108 bila taji, Anthony Rizzo aliudaka mpira wa mwisho akautumbukiza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, na siku ya gwaride akamkabidhi mmiliki wa timu. Baadaye klabu iliuza majani 2,016 ya ule mtambaa unaofunika ukuta wa Wrigley Field, dola 200 jani moja. Sikununua. Nimejuta.

Siku hizi kukamilisha ni kugumu. Kadi moja hutolewa kwa rangi nyingi tofauti, nyingine zikiwa na namba kuonyesha zimechapwa 50, au 10, au moja tu duniani, na hiyo moja anayo mtu mwingine. Wengi wetu tumeamua tuchukue kadi ya msingi ya kila mchezaji na rangi tuwaachie wanaoziweza. Njia nafuu ni kubadilishana: unamtafuta mkusanyaji wa Cardinals, unampa Cardinals wako wote, naye anakupa Cubs wake, hakuna senti inayopita. Urafiki mwingi umeanza hivyo, hata baina ya mahasimu.

Limebaki swali moja ambalo sijalimaliza. Tarehe 26 Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza Ligi Kuu ya Besiboli. Alikuwa wa Pirates. Mara ya kwanza kushika gongo alipiga mpira akafika besi, na mrushaji alikuwa Jon Lester, wa Cubs. Kwa kanuni ya jezi kadi ya Ngoepe si yangu. Albamu yangu ina kurasa za mifuko tisa tisa, na kwenye ukurasa wa 2017 Lester yuko mfuko wa nne. Wa tano nimeuacha wazi.