Ubongo unavyojichochea na kujizuia: maswali na majibu

Ni kweli kwamba seli za ubongo huzuiana?

Ndiyo, muda wote. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Katika gamba la ubongo, tabaka la nje linalohusika na kufikiri, kuona na kupanga mwendo, takriban seli nne kati ya kila tano ni za kuchochea: zikituma ujumbe, seli inayoupokea husogea karibu na kurusha umeme wake. Zilizobaki ni za kuzuia, na ujumbe wake huiweka seli jirani mbali na hatua hiyo. Kemikali kuu ya kuchochea ni glutameti. Ya kuzuia ni GABA, iliyogunduliwa ubongoni mwaka 1950, na kwenye uti wa mgongo hufanya kazi pamoja na nyingine iitwayo glaisini.

Mbona za kuzuia ni chache, na bado hazishindwi?

Kwa sababu ya mahali zinapojishikiza. Nyingi hushika mwili wa seli au pale unapoanzia mkia wake, yaani mlango ambao umeme hutokea. Hapo ujumbe mdogo unatosha. Tena aina mojawapo ya seli hizi hurusha umeme kwa kasi kubwa kuliko seli za kuchochea zilizo jirani nayo.

Kuna na suala la wakati, ambalo kwangu ndilo linalovutia kuliko yote. Habari inapofika, tuseme sauti imeingia sikioni, ujumbe hugawanyika: tawi moja huenda moja kwa moja kwenye seli ya kuchochea, jingine hupitia kwenye seli ya kuzuia. Njia ya pili huchelewa kwa milisekunde chache. Ndani ya upenyo huo seli hupata nafasi ya kujibu, kisha inanyamazishwa. Ndiyo maana tunaweza kutofautisha sauti mbili zilizofuatana kwa karibu sana.

Kwa hiyo mtu asidhani mizani hii ni utulivu. Ni kama timu mbili zinazovuta kamba kwa nguvu zote: kamba haisogei sana, lakini hakuna aliyepumzika. Timu moja ikiachia ghafla, nyingine huanguka nayo.

GABA hutengenezwa na nini?

Hutokana na glutameti yenyewe. Kimeng'enya maalumu huondoa sehemu moja ya glutameti, na kemikali ya kuchochea inageuka kuwa ya kuzuia. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila vitamini B6. Ndiyo sababu mtu aliyemeza vidonge vingi mno vya isoniazidi, dawa ya kifua kikuu inayoivuruga vitamini hiyo, anaweza kupata degedege kali, na tiba yake ni kupewa B6 hospitalini. Wapo pia watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu ya kurithi, ambao degedege lao halitulii kwa dawa za kawaida mpaka wapate B6.

Hilo lisimfanye mtu ajinunulie B6 na kuinywa kwa wingi. Ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva za mikono na miguu.

Ubongo hujuaje kwamba mizani imepotea?

Kila seli hufuatilia shughuli yake yenyewe. Mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Gina Turrigiano na wenzake walichapisha majaribio kwenye seli za gamba la ubongo wa panya zilizokuzwa maabara. Walipozizima kwa siku mbili, seli ziliongeza usikivu wake kwa ujumbe wa kuchochea. Walipoondoa kizuizi cha GABA, mwanzoni zilirusha umeme kwa fujo, lakini baada ya siku mbili zilikuwa zimepunguza usikivu na kurudi karibu na kiwango cha awali. Ukiisukuma seli upande mmoja, yenyewe hujivuta upande wa pili.

Hilo linanihusu nini mimi?

Linakuhusu sana ikiwa wewe au mtu wako anakunywa pombe nyingi kila siku. Pombe huongeza nguvu ya GABA na kupunguza ya glutameti. Ubongo hauvumilii hali hiyo. Kadiri miezi inavyopita, hupunguza mwitikio wake kwa GABA na kuongeza ule wa glutameti ili mtu aendelee kufanya kazi. Sasa pombe ikikatwa ghafla, yale marekebisho bado yapo. Mikono hutetemeka, jasho hutoka, usingizi hupotea. Baadhi hupata degedege, mara nyingi kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na wengine huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili au ya tatu. Hali hiyo huweza kuua.

Familia nyingi humfungia mlevi ndani ili "aache". Nia ni njema, hatari ni kubwa. Mnywaji wa kila siku anayetaka kuacha aanzie kwa daktari, ambaye anaweza kumpa dawa kama diazepamu na kuipunguza hatua kwa hatua. Na anayetumia diazepamu au fenobabitoni, dawa ya kifafa, kwa muda mrefu naye asiikate siku moja, hata akijisikia mzima. Sababu ni ileile: dawa hizi nazo huongeza nguvu ya GABA, na ubongo huzizoea.

Pepopunda inaingiaje hapa?

Sumu ya pepopunda hupanda kwenye neva kutoka kidondani hadi uti wa mgongo, na huko huzuia GABA na glaisini zisitolewe. Kuchochea kunabaki peke yake. Taya hukaza, mgongo hupinda, na kelele ndogo tu huamsha mkakamao mpya, huku mgonjwa akiwa na fahamu zake. Chanjo huzuia haya yote.

Na kifafa?

Watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila degedege kama wangegunduliwa na kutibiwa vizuri. Kundi la seli hurusha umeme kwa pamoja na kizuizi kinazidiwa. Lakini chanzo si kimoja. Katika ugonjwa wa Dravet, unaoanza utotoni, hitilafu ya jeni iitwayo SCN1A hudhoofisha hasa seli za kuzuia. Dawa kama kabamazepini, inayowafaa wagonjwa wengi wa kifafa, huweza kuwazidishia hali watoto hawa. Ndiyo maana dawa ya jirani yako isiwe dawa ya mtoto wako.

Mtu akianguka kwa degedege, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu na uangalie saa. Usimshikilie kwa nguvu wala usimtie kijiko mdomoni. Likipita dakika 5, au likijirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja.