Nani kasema wanawake wa vijijini hawataki kupimwa?

Nimechoka kusikia eti huku Kusini wanawake hawapimi saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu wamelala. Anayesema hivyo kwanza anakaa Mtwara mjini, hospitali ya Ligula anafika na bajaji, halafu anamshangaa mtu wa ndani ndani huko Tandahimba. Haya, twende nazo.

"Wa vijijini hawataki."

Hii ndo inaniuma. Mamdogo wangu yuko huko juu Umakondeni, mwaka juzi kasikia tangazo, kapanda bodaboda, kufika anaambiwa nesi anayejua kupima kaenda semina, njoo wiki ijayo. Karudi, yuko kwenye siku zake, na kweli siku hizo hawapimi ila hakuna aliyemwambia mapema, ndo elfu 15 nyingine ya nauli imeenda hivyo. Mara ya tatu wakaja kutangaza korosho zimeshaanza kudondoka, sasa we mwambie mtu wa huku mwezi wa kumi aache kuokota korosho akapime kitu kisichomuuma, jibu unalijua. Huyo kwenye daftari ni "hajapima". Mwenye VVU angalau akienda CTC, kliniki ya dawa zake, anakumbushwa hukohuko, na ni muhimu kweli maana hatari yake ni kama mara 6 ya mwenzie, WHO wanashauri aanze kupima na miaka 25, wengine 30. Ila ambaye hana kinachompeleka kituoni, nani atamkumbusha?

"Wanakukata nyama, wengine wanatolewa kizazi."

Jamani ni siki. Siki hiyohiyo ya kachumbari, ila imechanganywa kwa kipimo chake. Unalala, nesi anaweka kifaa cha kufungulia, anapakaza kwa pamba, anasubiri kama dakika moja hivi halafu anamulika na taa. Sehemu iliyoanza kubadilika inageuka nyeupe. Ikionekana na ni ndogo, mara nyingi inagandishwa au inaunguzwa kwa joto palepale, unarudi nyumbani na kizazi chako. Kubanwa kidogo kupo, sikudanganyi.

"Mi siumwi, nipime nini?"

Ndo wakati wake huo. Kwa mwenye kinga nzuri inaweza kuchukua miaka 15 mpaka 20 kutoka mabadiliko ya mwanzo hadi saratani yenyewe, kwa mwenye kinga dhaifu 5 mpaka 10. Ukisubiri damu itoke baada ya tendo, safari yako inaweza kuwa ya Ocean Road, hospitali ya saratani, na Dar unajua ilivyo mbali.

"Ni ugonjwa wa malaya."

Uongo, na huu unawafungia wengi ndani. Kirusi cha HPV, ndo kinacholeta saratani hii, karibu kila aliyewahi kufanya mapenzi hukipata wakati fulani, hata mke wa mume mmoja, na wengi mwili unakifukuza wenyewe. Shida ni kile kinachogoma kutoka.

"Chanjo inafunga kizazi cha mtoto."

Haifungi. Chanjo hii ya HPV imeanza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 mpaka 14. Na aliyechanjwa akikua bado anapima, chanjo haizuii aina zote za HPV.

"Mila ndo zinakwamisha, unyago na nini."

Hapa nacheka. Kungwi ndo mtu pekee anayeweza kuongelea mambo ya chini na mwanamke wa miaka 45 bila yeyote kuona haya. Mwaka huu mwezi wa sita, kabla ya msimu, timu ilikuja zahanati ya kijijini kwa mamdogo, na safari hii walimtafuta kungwi kwanza, akapita nyumba kwa nyumba siku mbili, akawaambia na habari ya siku zao, aliye nazo asubiri awamu ya pili. Mamdogo anasema foleni ilifika mpaka kwenye mwembe. Saa nane mchana siki ikawaishia.