Fungu la tatu la sato

Jumamosi nilikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mbele ya mama anayeuza sato. Fungu moja lilikuwa na samaki watatu wakubwa, shilingi 15,000. Jingine watano wa wastani, 10,000. Nikasimama pale, mara hili, mara lile. Mama akainama, akatoa kwenye beseni fungu la tatu: wanne wa wastani, nalo 10,000. "Chagua, mwanangu." Papo hapo nikachukua lile la watano.

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi ubongo unavyoamua, na jambo hili bado linanisisimua. Nani atachukua wanne kwa bei ya watano? Kwa hesabu, fungu lile ni kama halipo. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Duncan Luce alijenga nadharia yake ya uchaguzi juu ya kanuni hiyo: uwiano wa kuchagua kimoja dhidi ya kingine haubadiliki kikiongezwa cha tatu. Mwaka 1982 Joel Huber, John Payne na Christopher Puto wakaonyesha kuwa hubadilika. Kile kisichochukuliwa na mtu humpatia wateja jirani anayekizidi.

Ndani ya kichwa hali ikoje? Seli ya neva huongea kwa mapigo ya umeme, na mapigo hayo yana ukomo, hayazidi mia kadhaa kwa sekunde. Kwa kipimo hicho kifupi ubongo unatakiwa upime fungu la dagaa leo na kiwanja kesho. Njia yake ni kugawanya: nguvu ya kila kitu hugawanywa kwa jumla ya vyote vilivyo mbele yako. David Heeger aliieleza hesabu hii mwaka 1992 kwa seli za kuona. Mwaka 2013 Kenway Louie, Mel Khaw na Paul Glimcher waliikuta kwenye uchaguzi, kwa nyani na kwa watu: kadiri cha tatu kilivyokuwa na thamani, ndivyo walivyozidi kukosea kati ya viwili vilivyo bora. Mapigo ya seli huyumba yenyewe. Ukishagawanya, tofauti ya viwili vya juu hupungua, na kuyumba huko huimeza.

Lakini mgawanyo huo peke yake hauelezi mkono wangu pale Mwaloni, maana hushusha mafungu yote kwa kiwango kimoja. Mimi naamini kilichonivuta ni ulinganisho. Watano na wanne kwa bei ile ile hulinganishwa mara moja, na mshindi anajulikana. Wakubwa watatu hawana wa kulinganishwa naye kwa urahisi, kwa hiyo hawapati ushindi wowote.

Mwaka 2014 Shane Frederick na wenzake waligundua kwamba mvuto huo ni mkubwa pale sifa zinapotolewa kwa namba, na hufifia sana mtu anapoona picha au kuonja kitu chenyewe. Nami siku ile nilihesabu samaki na shilingi tu. Sikufunua shavu la sato hata mmoja kuangalia kama bado ni jekundu.