Maji ya Tumboni Yapimwe, Hata Kama Ini Linajulikana ni Bovu

"Daktari, si mlishasema ini lake limeharibika? Sasa mnamchoma sindano ya tumbo ya nini tena?" Hapa Kigoma ndugu wa mgonjwa wakiuliza hivyo, najua kuna jingine hawajalisema: kwamba mtu akishatolewa maji hakawii kufa. Wengi huletwa hali ikiwa mbaya tayari, sindano ikabebeshwa lawama isiyo yake.

Kweli, ini lenye makovu ndilo chanzo kikubwa cha maji tumboni. Makovu hubana njia ya damu, shinikizo likapanda kwenye mshipa mkuu unaoingia ini, figo nazo zikashikilia chumvi. Lakini ini bovu halimkingi mtu na magonjwa mengine. Mvuvi wa Ujiji aliyekaa na homa ya ini B miaka mingi anaweza kupata TB ya utando wa tumbo. Mpe vidonge vya kukojoa peke yake, atazidi kukonda na tumbo liko palepale.

Ndiyo maana tunachota maji kidogo, baada ya ganzi, mara nyingi upande wa kushoto chini ya kitovu. Hata ambaye damu yake haigandi vizuri, ni nadra kuvuja damu nyingi. Rangi hutudokeza jambo: maji meupe kama maziwa, yenye damu, au yenye ukungu kila moja lina maana yake. Ila macho hudanganya, kazi ni ya maabara.

Albumini, protini inayotengenezwa na ini, hupimwa kwenye damu na kwenye maji, siku moja, kisha ya maji hutolewa katika ya damu. Damu ikiwa na gramu 28 kwa lita na maji 9, tofauti ni 19. Ikifika 11 au zaidi, kinachosukuma maji ni shinikizo la mshipa ule unaoingia ini: ini lenyewe, moyo ulioshindwa kazi, au kichocho cha tumbo, ambacho sisi wa mwambao wa Tanganyika hatupaswi kukisahau. Hapo protini yote ya maji ikizidi gramu 25 kwa lita, naugeukia moyo. Tofauti ikiwa chini ya 11, tunawaza TB au saratani ya utando. Mtego upo: mwenye ini bovu na TB kwa pamoja, tofauti inaweza kubaki juu vilevile. Hapo limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, zikijaa kwenye maji ndizo hunishtua.

Kipimo nisichokubali kiahirishwe hata siku moja ni hesabu ya nyutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria. Zikiwa 250 au zaidi kwa kila milimita ya ujazo, maji yamechukuliwa kuwa na maambukizi ya bakteria, na antibiotiki inaanza papo hapo bila kungoja majibu ya kuotesha vijidudu. Mgonjwa huyu huenda hana homa wala maumivu. Ameanza tu kuongea yasiyoeleweka, na nyumbani wanasema karogwa. Hili ndilo linaloua.

Mkimleta kutoka Kasulu au Uvinza, bebeni karatasi zote za vipimo vya zamani. Tajeni pia kila dawa aliyotumia, mitishamba ikiwemo. Hatutagomba.